Shemeji wa Mchanga

Asubuhi ile Mama Chai aliambiwa achemshe chai ya kutosha watu wote, kwa sababu eti leo kuna mafunzo ya usalama. Aliyemwambia ni katibu wa meneja, binti mpole asiye na baya na mtu, mgeni kazini, ambaye hakujua anamwambia nani. Usalama! Mguu wa mwanawe umeshakatwa, watu wa hospitali wameutupa sijui wapi, ndipo wakubwa wakumbuke usalama. Mama Chai akabandika masufuria na kuufunga mlango wa jiko kwa teke. Hakuwa na ugomvi na binti wa watu, ila mlango ndio uliokuwa karibu.

Chuo kile kilikuwa kikubwa, kimejengwa juu ya mteremko, na kila mahali palipokosa jengo palikuwa na majani. Majani mbele ya madarasa, majani nyuma ya mabweni, majani kwenye uwanja wa mpira, na ule ukingo mrefu unaoshuka mpaka kwenye uzio wa waya. Vya kuyakatia kulikuwa na vitrekta, zile mashine ambazo dereva anakaa juu kama bwana na visu vinazunguka chini yake. Mkubwa wa madereva alikuwa kaka yake Mama Chai, tumbo moja, na kazini wote walimwita Kapteni. Mwanawe Mama Chai naye alikuwa dereva. Huyo walimwita Mrefu, na usiulize kwa nini, ukimwona unajua.

Sasa, kitrekta cha majani kina akili yake. Chini ya kiti kuna swichi. Dereva akiinuka, kiti kinapanda kidogo, swichi inajua hapa hakuna mtu, injini inazima na visu vinasimama. Aliyekiunda aliweka hivyo kwa sababu anawajua binadamu, kwamba wataingiza mkono, wataingiza mguu, wataingiza hata kichwa ukiwaachia. Kama mambo yangekuwa sawa, habari ingeishia hapo.

Lakini betri za pale zilikuwa zimekufa zamani. Injini ikizima katikati ya uwanja, haiwaki tena mpaka mtu apande juu gereji, aazime betri ya pikapu, na dereva wa pikapu alikuwa mtu wa maringo, utamkuta anachokonoa meno, atakwambia subiri. Na kazi ya majani ni ya kushuka kila mara. Mara jiwe, mara tawi, mara chupa iliyotupwa na wanafunzi, mara majani mabichi yamekaba ule mdomo wa pembeni unaotemea. Kapteni aliomba betri mpya mpaka akachoka mwenyewe. Meneja jibu lake lilikuwa lile lile, "Tutaangalia," na ukipita muda akaona majani yamerefuka, anakuja juu kama moto wa kifuu, anataka kujua watu wanalipwa kwa kazi gani.

Ndipo Kapteni akabuni mfuko. Alikuja kwa dada yake Jumapili moja na kipande cha turubai la hema kuukuu, akamwambia nishonee hapa, dada, mshono wa maana, usije ukapasuka. Mama Chai akautia kwenye cherehani, akapiga mshono mara mbili na kuweka mkanda wa kuning'inizia. Kapteni akaujaza mchanga. Ulining'inizwa kwenye kulabu nyuma ya kiti, na dereva akitaka kushuka anauvuta kwa mkono wa kulia, anaulaza kitini huku akiinuka, swichi inadhani bado kuna mtu. Injini inaunguruma, visu vinazunguka, betri haisumbuliwi. Alipouona umekaa pale kitini, umetulia, Kapteni alicheka mpaka akashika kiuno. "Dada, nimekupatia mume," alisema. "Huyu ndiye shemeji wa kwanza niliyemwona anakaa pale alipowekwa."

Mume wa Mama Chai alikuwa ameondoka Mrefu akiwa hajaota meno, kaenda kutafuta kazi, na mpaka leo anaitafuta. Kwa hiyo utani ulikuwa wa kweli, na wa kaka kwa dada, na yeye mwenyewe alicheka. Tangu siku hiyo ule mfuko uliitwa Shemeji. Akashona na wa mashine nyingine. Ukipita uwanjani ungewasikia madereva wakipigiana kelele, "Mpishe Shemeji akae!" Hata meneja alishawahi kusikia, akauliza Shemeji ni nani, akaonyeshwa, akatikisa kichwa akitabasamu na kwenda zake. Betri zilikuwa hazimsumbui tena, na majani yalikuwa mafupi.

Mrefu alifundishwa kazi na mjomba wake. Alifundishwa vizuri, kwa jinsi walivyokuwa wakifanya. "Mkono kwanza, miguu baadaye," Kapteni alikuwa akimwimbia, maana yake vuta Shemeji kwanza ndipo ushuke. Alikuwa akimpiga kofi la mgongo Mrefu akisahau. Kijana alimpenda mjomba wake kuliko kitu. Hakuwa na baba, na mjomba alikuwa yupo, alimnunulia viatu vya shule, alimfundisha kunyoa ndevu, akamwombea na kazi. Mama Chai alikuwa akiwatazama wawili hao kutoka dirisha la jikoni, anasema moyoni, yule mume akae huko huko aliko.

Siku ya ajali mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Majani mabichi hayakatwi, na kwenye mteremko ndio kabisa, kila dereva anajua. Lakini palikuwa na wageni wanakuja na meneja alitaka ukingo ule uwe safi. Mrefu akaushuka na kitrekta chake. Mdomo wa kutemea ukakabwa. Akavuta Shemeji, akashuka upande wa chini, akaanza kuyatoa majani kwa kijiti. Mashine ikateleza. Haikuteleza sana, yeye mwenyewe alisema, kama mtu anayesogea kwenye benchi ili mwenzake akae. Injini ilikuwa inaunguruma vizuri tu, na Shemeji amekaa pale juu, hana habari.

Mpaka Mama Chai anarudi kutoka hospitali, mifuko yote ilikuwa haipo. Kapteni aliikusanya jioni ile ile, akamwaga mchanga nyuma ya stoo na kuchoma turubai. Na wiki haikupita, vitrekta vyote vilikuwa na betri mpya.

Kisha yakaanza maneno. Meneja akasema kijana alikuwa mzembe. Alishuka mashine inawaka, kinyume cha utaratibu, na tena aliichezea swichi ya kiti, kaichezea vipi hajui, ila kaichezea. Mrefu akaeleza habari ya mfuko mwanzo mpaka mwisho. Mfuko gani? Uko wapi? Madereva wenzake wakaulizwa, wakasema wao hawajui, wao huzima mashine. Kijana akaangushiwa jumba bovu peke yake, na huku bado anajifunza magongo. Makao makuu yangemtuma mkaguzi siku ya mafunzo. Akiridhika kwamba ndivyo kazi ilivyofanywa pale siku zote, Mrefu angebaki kazini na kupewa kiti kwenye stoo ya funguo, kazi ya kukaa. Akiridhika kwamba ni uzembe wake, arudishe sare aende.

Basi Mama Chai alimwendea kaka yake nyumbani. Wifi yake akampa kiti na kutoka nje, alijua ni mazungumzo ya watu wawili. Kapteni alikuwa ameketi fulana tupu, anapiga pasi ovaroli mpya ya buluu aliyopewa na ofisi kwa ajili ya kuongoza mafunzo. Hakuwa mtu wa kupiga pasi, na Mama Chai aliitazama ile ovaroli kwanza ndipo akakaa.

"Kaka, nimekuja kwa ajili ya mtoto."

"Najua."

"Wewe ndiye utakayesimama pale mbele. Mkaguzi atakusikiliza wewe. Sema tu mlivyokuwa mnafanya. Sitaki umtukane meneja, sitaki umlaumu mtu. Sema kulikuwa na mfuko na kila mtu aliutumia. Basi."

Kapteni akaweka pasi pembeni. Alimtazama dada yake, na macho yalikuwa yamemlengalenga, hilo Mama Chai angeweza kuliapia popote. "Yule ni mpwa wangu," alisema. "Nimemlea. Unadhani nalala? Nitasema, dada. Kwa mdomo wangu huu nitasema."

Wakashikana mikono. Njiani akirudi Mama Chai alikuwa mwepesi, akanunua hata sabuni ya kunukia. Alimwambia Mrefu mjomba wako amekubali. Mrefu alikuwa ameketi kitandani, mguu mmoja wa suruali umekunjwa. "Nilijua tu," akasema. "Mjomba hawezi kunitosa."

Kilichokuwa hakijajulikana ni kwamba msimamizi wa viwanja anastaafu, na meneja alikuwa ameshamwita Kapteni ofisini na kufunga mlango. Mama Chai alikuja kukisikia asubuhi ile ile ya mafunzo, kwa yule binti mpole, aliyekuja kuchukua vikombe. "Kumbe Kapteni ni kaka yako, mama? Hongera basi. Si ndiye msimamizi mpya." Mama Chai akabaki ameshika kifuniko cha sufuria. Alijiambia si kitu, mtu anaweza kupewa cheo na bado akasema kweli. Alijiambia hivyo mara kadhaa, huku akitia majani ya chai mengi mno.

Mafunzo yalifanyika nje, mbele ya gereji. Viti vilipangwa, mkaguzi akakaa mbele pamoja na meneja, madereva na watunza bustani nyuma yao. Mrefu alifika kwa magongo, akapewa benchi la mwisho karibu na ukuta, na watu wakawa wanamsalimia bila kumwangalia chini. Mama Chai alisimama kwenye mlango wa jiko na birika mkononi, karibu tu, kila neno analisikia. Kitrekta kilikuwa kimeoshwa. Kiling'aa rangi yake nyekundu utadhani hakijawahi kugusa kitu.

Meneja akafungua kwa maneno yake ya ofisini. Alisema chuo kinajali wafanyakazi. Alisema uzembe wa mtu mmoja usiharibu sifa ya wengi. Mrefu akainamisha kichwa na kuyatazama magongo.

Kisha akasimama Kapteni. Tuseme haki, alifundisha vizuri. Alisema kabla ya kuwasha, zunguka uwanja kwa miguu, okota mawe, mifupa, nyaya, kila kinachoweza kurushwa na visu. Alisema kwenye mteremko panda na ushuke, usikate kwa upande, na usigeuze kwa ghafla. Majani yakiwa yameloa, acha, kesho ipo. Usimpakie mtu, hata mtoto wa bosi. Usirudi nyuma visu vikizunguka bila kugeuza kichwa. Na ukitaka kushuka, hata kama ni kuokota kofia yako tu, zima visu, zima injini, chomoa ufunguo, subiri mpaka kila kitu kisimame. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya mtu aliyezoea kuamuru. Watunza bustani walikuwa wanaitikia kwa vichwa. Mama Chai alisikiliza na kusubiri, birika likimuunguza kiganja.

Mkaguzi akauliza lile swali. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na mafua na alitaka kurudi mapema. "Na hapa kwenu, Kapteni, kulikuwa na mazoea yoyote ya kushuka mashine ikiwa inawaka?"

Kapteni akajifuta midomo. Akamtazama meneja, akatazama viatu vyake vipya. "Hapana, mheshimiwa. Mimi sijawahi kuona."

Basi. Maneno machache tu, hata kukohoa kunachukua muda zaidi. Kule nyuma Mrefu aliinua kichwa taratibu na kumtazama mjomba wake, na hakuonyesha hasira, alionekana kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake. Kaka huyu. Kaka aliyemshika mkono juzi, mwenye machozi ya karibu. Alikuwa amewaruka futi mia, mchana kweupe, na ovaroli aliyoipiga pasi.

"Vizuri," meneja akasema. "Sasa tuonyeshe. Kaa, washa, kisha shuka, waone jinsi mashine inavyojizima yenyewe. Wajue swichi haina tatizo."

Kapteni akapanda, akawasha. Injini ikashika papo hapo. Akaiacha iungurume, akageuka ili ashuke. Na hapo mkono wake wa kulia ukaenda nyuma ya kiti. Ulikwenda wenyewe, kama ulivyokwenda miaka yote, ukapapasa kulabu, ukapapasa tena, haukukuta kitu. Mkono kwanza, miguu baadaye. Madereva wote waliuona. Mmoja akajikohoza, mwingine akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Meneja naye aliuona, maana ghafla alitaka kujua mawingu yanaendaje. Kapteni mwenyewe aligutuka, akazima injini, akabaki ameketi.

Mama Chai akaweka birika chini na kusogea mpaka kwenye viti.

"Kaka," alisema, bila kupaza sauti. "Mkono ulikuwa unatafuta nini hapo nyuma?"

"Haukuwa unatafuta kitu, dada."

"Ulikuwa unatafuta mfuko. Mimi ndiye niliyeushona. Nimeshona wa kila mashine hapa, kwa turubai uliloniletea, ukautia mchanga. Wote hawa wameutumia. Bosi aliuona akacheka. Mwanangu amefundishwa na wewe."

Mkaguzi akageuka kitini, leso puani. "Mfuko gani, mama?" Akawageukia madereva. "Kuna mfuko?"

Madereva wakatazama chini, kila mmoja mahali pake. Walikuwa watu waliokula kwake, waliomlilia Mrefu hospitalini mpaka manesi wakawatoa. Mkaguzi akamtafuta Mrefu kwa macho. "Kijana?"

"Mimi nilishasema," Mrefu akajibu. "Muulizeni mjomba."

Ikawa zamu ya Kapteni tena, na safari hii hakuna aliyeweza kumsemea. Akamtazama dada yake kwa huruma. Huruma yenyewe, ya kweli, ndiyo iliyomkata Mama Chai kuliko uongo. "Mheshimiwa, muwe radhi," alisema kwa upole. "Huyu ni dada yangu wa damu. Tangu mtoto aumie, hayuko sawa. Ana uchungu, na uchungu unasema mengi. Msimchukulie vibaya."

"Mimi niko sawa," Mama Chai akaanza. "Mimi niko sawa kabisa, na kama mnataka kuona mchanga wenyewe uko nyuma ya..."

Kapteni akageuza ufunguo. Betri ile, iliyonunuliwa kwa mguu wa Mrefu, iliwasha mara moja. Akavuta mafuta mpaka mwisho, injini ikapiga kelele. Mama Chai aliendelea kusema, mdomo ulikuwa unakwenda, alisema nyuma ya stoo, alisema nendeni mkaone, majivu yapo, lakini hata yeye mwenyewe hakujisikia. Meneja alikuwa amemwinamia mkaguzi sikioni, na mkaguzi anatikisa kichwa kwa masikitiko, kama watu wanavyofanya msibani. Kisha Kapteni akaweka mkono wa kulia juu ya goti, akaubana pale kwa mkono wa kushoto, akateremka. Kiti kikapanda. Injini ikazima, kama inavyotakiwa, na watu wakapiga makofi.

Chai ilinywewa. Nani angekataa, ilishachemshwa. Mkaguzi alichukua kikombe, akamwambia Mama Chai pole sana, mama, Mungu akutie nguvu, kisha akaenda na meneja ofisini kumaliza shughuli. Mrefu alikuwa ameshaanza kuvuka uwanja kwa magongo, peke yake, kwa njia ndefu ya chini inayokwepa ukingo. Hakuna aliyehitaji kumwambia kuhusu sare.

Mama Chai alipita na birika akimimina, mtu kwa mtu, kwa sababu ndiyo kazi yake na sasa nyumbani ni yeye tu anayefanya kazi. Aliwamiminia madereva, wakapokea bila kumwangalia. Akafika kwa kaka yake. Kapteni alikuwa ameketi kwenye ngazi ya gereji, jasho limeloanisha ovaroli mgongoni, kikombe mkononi.

"Utanielewa siku moja, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Nina watoto."

"Mimi nilikuwa na mtoto mmoja na kaka mmoja," Mama Chai akamjibu. "Mtoto bado ninaye."

Akapeleka birika kwa aliyefuata.